Koti la Ofisi na Mlango wa Stoo

Wewe umepita pale. Usinikatalie.

Umepita nje ya shule iliyofungwa kwa likizo. Geti lina mnyororo. Halafu nyuma ya jikoni moshi unapanda, moshi mzito wa sufuria kubwa. Ukajiambia labda wanachoma takataka. Ukaendelea na safari zako.

Hukujiuliza shule isiyo na watoto inampikia nani.

Leo nitakwambia. Na ukimaliza kusoma usiniwekee vile vichwa vya njano vinavyolia. Sivitaki. Vya kwenu vimejaa huku gunia zima.

Kabla ya Noeli niliongea na mlango wa stoo pale Mbarara, na chini ya mlango ukatoka mkono.

Mkono wa msichana, mweupe kwa unga mpaka kwenye kiwiko.

Hakuna jini hapa. Hakuna mchawi. Ningefurahi sana kama angekuwa mchawi.

Naitwa Fébronie. Kule Nakivale, kambi ya wakimbizi hapa Uganda, wananijua kwa mdomo wangu. Nimetoka Kivu Kusini na miguu yangu hii. Shule ya msingi sikuimaliza, vita ilinimalizia. Kusoma nilijifunzia kwenye magunia ya msaada, herufi moja moja. Kiingereza nimekitoa kwenye redio.

Kila mkutano nasimama. Wakubwa wakiona nimenyoosha mkono wanaangalia saa zao.

Na sisahau. Nani aliahidi nini, na siku hiyo alikuwa amevaa shati gani, naweza kukwambia sasa hivi.

Kaka yangu anaitwa Byamungu. Binti yake ni Larissa. Mama yake Larissa alibaki kule tulikotoka, ndani ya udongo, kwa hiyo mtoto nimemlea mimi. Ananiita tantine, kama watoto wa kwetu wanavyoita shangazi.

Larissa alikuwa amemaliza S.3, yaani kidato cha tatu. Anaingia S.4, mwaka wa mtihani wa taifa. Katikati kuna likizo ndefu.

Serikali ya hapa imekataza shule kufundisha wakati wa likizo. Watoto wapumzike. Maneno matamu. Sasa baadhi ya shule zinafanyaje? Zinafundisha kwa kujificha. Wanaita kochingi. Mtoto anakuja bila sare, simu wanamnyang'anya, geti linafungwa, na nje wanaacha kibao: SHULE IMEFUNGWA.

Habari ya kochingi ilitufikia kanisani, baada ya ibada, sikio kwa sikio, kama habari ya magendo.

Byamungu alifika nyumbani macho yanawaka.

"Huyu mutoto ataenda Mbarara. Bengine bote banaenda."

"Na shamba?"

"Shamba nitalima miye."

"Byamungu, mtoto amesoma mwaka mzima. Kifua chake unakijua. Mwache alale kidogo."

"Kulala!" Akapiga makofi. "Dada yangu, kama kulala kungekuwa kunatoa watu Nakivale, miye na weye tungekuwa tumeshafika Canada."

Majirani waliokuwa wanasikiliza upande wa pili wa turubai wakacheka. Hata mimi nilitaka kucheka, nikajizuia kwa hasira.

Larissa alikuwa anaosha sahani. Hakugeuka.

"Tantine, nilifika hapa niko nasoma Kifaransa. Nikaanza Kiingereza nimeshakuwa mukubwa, nikakaa benchi moja na batoto badogo. Bale ba mu town hawakupoteza hata mwaka. Miye nikibaki ku shamba, nitabakuta wapi?"

Nikachukua kitambaa, nikaanza kumfutia sahani.

Mimi, Fébronie, kufuta sahani badala ya kubishana. Waulize watu wa Nakivale kama wamewahi kuona.

Akaenda. Yeye na rafiki yake Mariette, binti wa jirani. Wakaondoka wanacheka kama wanaenda harusini.

Siku chache baadaye nikatoa godoro lake nianike juani. Kitu kikadondoka mguuni kwangu.

Pampu yake ya pumu. Ile ya buluu, ya kuvuta dawa mdomoni.

Larissa ana pumu. Haimkamati kila siku. Ila vumbi likimkuta ndani ya nyumba, kifua kinajifunga kama mfuko uliovutwa kamba, na usipowahi, unaona kucha zake zinabadilika rangi.

Nikapiga namba ya shule. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Kumbe namba yenyewe wanaizima, maana shule "imefungwa". Byamungu alikuwa Kikagate, soko la mpakani, na simu yake huko inashika mtandao wa Tanzania, humpati mpaka arudi.

Ikabidi niende mwenyewe.

Sasa hapa nikuelezee jambo la kwetu, maana bila hilo hutaelewa kilichotokea.

Mtaani kwetu kuna koti. Ni la Eugénie, mke wa mchungaji. Koti jeusi, vifungo vya shaba, mabega yamesimama. Tunaliita koti la ofisi. Yeyote anayeitwa ofisini, hospitali, polisi, anakwenda kuliazima. Kwa nini? Kwa sababu mkimbizi akienda na vumbi lake anaambiwa rudi kesho. Akienda na koti anaambiwa kaa.

Nikampitia Eugénie.

"Chukua koti," akasema kabla sijafungua mdomo. "Bila koti utaishia getini. Beba na viatu."

"Viatu vinanitosha?"

"Havimtoshi mutu. Cha kulia kinauma bote. Usitembee mingi."

Nikavaa. Nikachukua na faili langu la plastiki lenye karatasi zangu zote, lile ambalo mkimbizi hatoki bila kulishika kwapani. Pampu nikaitia mfukoni.

Bodaboda mpaka Kabingo, teksi ikapita Kaberebere, nikashuka Mbarara. Shule iko pembeni ya mji, nyuma ya mikaratusi. Jina silitaji. Siyo yenyewe tu inayofanya hivyo.

Moshi nikauona kabla ya kuona geti.

Nikagonga. Kidirisha kikafunguka, jicho la askari likatokea. Likaangalia koti. Likashuka kwenye faili. Likapanuka.

"Madamu. Shule nafungwa."

Nikamwambia, kwa Kiingereza changu cha redio, kile chenye maneno marefu, kwamba ninaomba kuonana na uongozi bila kuchelewa.

Askari akapiga geti kwa rungu lake, ngo! ngo! ngo! Nikafikiri anaita mwenzake.

Ilikuwa kengele.

Akaanza kutafuta ufunguo. Akatafuta mfuko huu, akatafuta mfuko ule. Akaenda, akarudi. Mimi nimesimama nje, kiatu cha kulia kinanitafuna.

Geti lilipofunguka, ndani palikuwa kimya kama makaburini.

Lakini mimi nina macho. Dirisha la darasa: ubao umejaa pembetatu na hesabu, chaki yake bado mbichi. Juu ya madawati vikombe vya uji, mvuke unatoka. Na mlangoni kandambili moja ya buluu, imelala kifudifudi.

Nikaitambua. Larissa alinunua kandambili zake moja moja sokoni, mguu wa kushoto buluu, wa kulia kijani. Mtaa mzima ulimtania.

Mkuu wa shule akaja anatabasamu. Bwana Mugarura, mtu mpana mwenye sauti laini. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniingiza ofisini, soda ikafika kabla sijakaa.

"Karibu sana, Madamu. Sisi hapa nafanya usafi tu."

"Nimeleta dawa ya mtoto. Anaitwa Larissa."

"Hapana mtoto hapa, Madamu. Ni likizo."

"Ule uji ni wa nani?"

"Ya mafundi."

"Mafundi wanaojenga kwa hesabu za pembetatu?"

Akacheka. Jasho likamtoka. "Kunywa soda, nyabo." Ndivyo wanavyomwita mama wa heshima.

Hapo ndipo nikaelewa. Huyu mtu ananiona mkaguzi.

"Bwana, sikiliza. Mimi si mkaguzi. Mimi ni mkimbizi, natoka Nakivale. Mtoto ana pumu!"

"Ndiyo, Madamu," akasema kwa heshima zote. "Hata mkaguzi ya zamani alikuja hapa nasema yeye ni mama ya mtoto. Mimi nikafungua mdomo. Yeye akafunga shule."

Nikafungua faili, nikamtolea kitambulisho changu. Akaitazama picha. Akanitazama mimi. Akaitazama tena.

"Huyu ya kwa picha ni maskini," akasema. "Wewe, hapana."

Elewa nilivyokwama. Nikiongea Kiingereza, mkaguzi. Nikipandisha sauti, mkaguzi mkali. Nikinyamaza, mkaguzi anaandika kichwani. Na yeye amevuta kiti, amekaa mlangoni, tumbo lake ndilo komeo.

Miaka yote ofisi zilinikatalia kwa sababu ninaonekana mkimbizi. Siku ninayotaka nionekane mkimbizi, hawaoni!

Nikavua kiatu cha kulia. Nikavua cha kushoto. Nikavua koti la mke wa mchungaji, nikamrushia Bwana Mugarura usoni, nikamruka magoti yake kabla hajalitoa kichwani.

Nikakimbia peku.

Nyuma ya jikoni kuna stoo ya posho, ule unga wa mahindi wanaolisha shule zote za hapa. Mlango wa bati, kufuli jipya. Mbele ya mlango, kandambili ya kijani.

"Larissa!" Nikapiga bati kwa viganja. "Larissa, ni miye! Ni tantine!"

Kimya.

Siyo kimya cha chumba kitupu. Ni kimya cha watu wengi walioshika pumzi.

Kimya hicho nakijua. Nilikuwa mtoto, tumelala ndani ya migomba, wanaume wenye bunduki wanapita njiani, na kila mama amefunika mdomo wa mtoto wake kwa kiganja. Mama yangu alinifunika mpaka nikaonja chumvi ya mkono wake. Bado naionja.

Tulivuka milima na mpaka ili watoto wetu wasifunikwe midomo tena. Nikakikuta kile kimya Mbarara, mchana, kwa ajili ya hesabu.

Nikalala chini. Chini ya mlango palikuwa na nafasi ya kupitisha kiganja. Unga ulikuwa unatokea pale kama moshi.

"Larissa, sikuja kufunga shule. Soma, mama, soma unavyotaka. Pampu yako hii hapa. Naisukuma. Ichukue tu."

Nikaisukuma.

Hakuna kitu.

Nyuma yangu nasikia viatu vya Bwana Mugarura, anahema: "Madamu, pale ni stoo, ni unga peke yake..."

Ndipo mkono ukatoka. Mweupe kwa unga. Ukapapasa chini, ukaishika pampu, ukazama.

Bwana Mugarura akasimama. Koti bado amelishika. "Ruhanga wangye," akasema. Mungu wangu.

"Fungua!"

"Ufunguo iko na matroni."

"Matroni yuko wapi?"

Akaangalia ua wa nyuma. Matroni aliposikia rungu likigonga geti aliwaingiza watoto, akafunga kufuli, akaruka ua. Ufunguo akaenda nao.

Askari ndiye aliyeleta jembe. Alipiga lile kufuli huku analia, nakwambia mtu mzima analia, mpaka bati likachanika.

Wakatoka. Wasichana, wavulana, weupe kama maiti kwa unga, macho chini. Hakuna aliyelalamika. Unajua walisema nini? Wa kwanza kutoka alimwangalia mkuu wake, akauliza:

"Ticha, sasa shule inafungwa?"

Larissa alikuwa amelala juu ya magunia, kichwa kwenye mapaja ya Mariette, pampu mdomoni. Midomo yake ina rangi ya majivu. Tulimpakia kwenye gari la Bwana Mugarura mwenyewe, akaendesha kama mwizi anayefukuzwa mpaka hospitali.

Alipona. Mungu ni mkubwa, na manesi pia.

Wakampa pampu mpya, ya buluu vilevile.

Kesho yake, amekaa kitandani, nikamuuliza.

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Tangu lini?"

"Tangu uko ofisini unapiga kelele. Sauti yako, tantine, nani haijui?"

"Sasa mbona hukuitika? Si ungenyoosha mkono mapema?"

Akageukia ukutani.

"Ule mukono haukuwa wangu."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Ulikuwa wa Mariette. Miye njo nilimwambia anifunge mudomo nisikohoe. Nilimwambia hata nikizimia, asifungue. Akaniapia. Halafu akachukua ile pampu." Machozi yakamtoka. "Alinisaliti. Kama bangefunga, miye ningesoma fasi gani?"

Soma hapo tena, wewe uliyepita ukaona moshi.

Hakuna aliyemlazimisha. Tumemfundisha vizuri mno. Tumemwambia tangu mdogo kwamba mtihani ndio mlango pekee wa kutoka, mpaka yuko tayari kuacha kupumua ili mlango usifungwe.

Nilirudi Nakivale nikidhani watu watasimama na mimi.

Wapi! Waliniita kanisani. Siyo kunipa pole.

"Ni koti yako njo ilitisha shule!" akasema baba mmoja.

"Umeharibia batoto betu mwaka," akasema mwingine.

Byamungu alikuwa amekaa mbele. Hakunitetea. Alisema tu, "Dada, ungevaa kikwembe chako cha kitenge wangekufungulia."

Nikawaambia, na ninakwambia na wewe: koti halina mikono. Koti halikufunga kufuli.

Na usinielewe vibaya. Sisemi watoto walale likizo nzima. Larissa alikuwa na haki, hakupoteza miaka kwa uvivu, aliibiwa. Mtoto wa tajiri wa mjini mwalimu anamfuata nyumbani, anafundishwa sebuleni, na hakuna mkaguzi anayegonga. Marufuku inamshika nani? Anayetaka watoto wapumzike aje aone Larissa anavyopumzika, na jembe begani tangu alfajiri. Anayetaka wasome, awafungulie madarasa mchana kweupe, walimu wajulikane, madirisha wazi, na asubuhi za kulala ziwepo. Lakini kusoma kwa kufungiwa kama magendo? Hapana. Mtoto anayesoma amefungiwa kufuli kwa nje anajifunza kufungiwa.

Walinizomea. Sawa. Nimezomewa na wakubwa zaidi.

Sasa sikiliza, maana bado hatujafika.

Mwaka mpya umeanza. Jana asubuhi nimeamka, godoro la Larissa tupu. La Mariette kwa jirani pia.

Kochingi imehamia kwingine. Gari la Mbarara liliwachukua Kabingo, na safari hii wazazi hawakuambiwa shule wanayopelekwa, ili wasimwambie Fébronie. Hata Byamungu hakuambiwa. Yeye alitoa ruhusa tu, akatoa na baraka.

Nikafungua kopo lake la vitu. Pampu moja imebaki humo.

Nikaitikisa karibu na sikio. Imejaa.

Unaelewa? Zote mbili za buluu. Kwa haraka zake amechukua ile ya zamani. Ile aliyoimaliza ndani ya stoo.

Nilipomwonyesha Byamungu, aliacha jembe palepale. Yuko Mbarara tangu alfajiri, anagonga mageti. Amekwenda na nguo za shambani, kwa hiyo kila askari anamwambia rudi kesho.

Mimi niko stendi ya Mbarara, pampu iko mkononi, naandika huku natembea. Mji ni mkubwa na mimi nina miguu miwili.

Wewe unayo miguu. Na wewe ulishauona moshi. Unakumbuka wapi.

Acha kusoma maoni ya watu. Nenda kwenye lile geti sasa hivi. Usivae koti. Watakwambia hakuna mtoto, usiondoke. Watakupa soda, usikae. Zunguka nyuma ya jikoni, tafuta mlango wenye kufuli, lala chini, ongea kupitia ile nafasi ya chini. Sema pampu aliyonayo ni tupu. Sema nzima iko kwa shangazi yake, anakuja nayo mbio.

Larissa hatakujibu. Namjua.

Mwite Mariette.